Injini ya petroli kuendeshwa kwa dizeli: nini kinawezekana, nini hakiwezekani, na njia ipi ifuatwe

MwagiliaKasese (#1)

Habari za kazi, wakuu. Kila kiangazi swali hili linarudi huku kwetu magharibi. Pampu nyingi za kumwagilia nyanya na vitunguu ni zile za inchi mbili na inchi tatu zenye injini ya petroli ya aina ya GX200, cc 196, farasi 6.5. Kuna mafundi wanaoahidi kuigeuza injini ile ile inywe dizeli. Wengine wanaweka tenki la pili na bomba la shaba lililozungushwa kwenye ekzosi, wengine wanataka kuchonga hedi (kifuniko cha silinda) na kufunga nozo (kipulizio cha dizeli) pale palipo na plagi. Wenye kamunye (teksi za abiria) za HiAce zenye injini ya petroli ya 2RZ nao wanauliza jambo hilo hilo.

Naomba wanaoijua injini kwa undani waeleze kinachotokea ndani ya silinda, kinachohitajika, na kama haifai basi kifanyike nini. Tafadhali tuwekeeni vipimo, tusiishie kwenye "inawezekana" na "haiwezekani".

NozoNdeeba (#2)

Ssebo, tuanze na mafuta yenyewe, maana matatizo yote yanatoka hapo.

Petroli huanza kuchemka kwenye nyuzi 30 hivi na yote huwa imeisha kabla ya 210. Dizeli huanza karibu na 180, na sehemu zake nzito huondoka karibu na 360. Kabureta haina nguvu ya kupasua mafuta. Hewa inayopita kwenye koo lake inayanyonya tu, na joto la kawaida ndilo linalomalizia kuyageuza mvuke. Kwa petroli hiyo inatosha. Dizeli ikipita njia hiyo inaingia silinda ikiwa bado matone, inatanda ukutani, inaosha oili inayolinda ringi, kisha inateremka hadi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Ndiyo maana mahali pa kwanza pa kuangalia ni kijiti cha oili: kiwango kinapanda wakati kilitakiwa kubaki pale pale au kushuka kidogo, na oili inakuwa nyepesi yenye harufu ya dizeli. Oili ya namna hiyo haibebi tena krankshafti.

Cheche nayo huwasha mvuke uliochanganyika na hewa kwa kipimo, ambacho kwa petroli ni gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya mafuta. Petroli hutoa mvuke wa kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Dizeli haitoi mvuke wa kutosha mpaka ipite nyuzi 50 na kitu. Kwa hiyo plagi inalowa, inajaa masizi, inakufa.

Sasa hilo bomba la shaba kwenye ekzosi. Linawadanganya watu kwa sababu injini iliyokwisha kupata moto kwa petroli inaweza kweli kuendelea kunguruma kwa dizeli kwa muda, hasa ikiwa haina mzigo. Ila angalia kinachofuata. Dizeli imetengenezwa iwe rahisi kujiwasha yenyewe, ndiyo maana ya setani 45 na zaidi. Petroli imetengenezwa isijiwashe, ndiyo maana ya okteni 91 na zaidi. Okteni ya dizeli haifiki hata 30. Mvuke wake ukishindiliwa kwa 8.5:1 (ujazo ukipunguzwa mara 8.5, ndiyo kompresheni ya GX200) na injini ikabeba mzigo, unawaka kwenye pembe za silinda kabla moto wa plagi haujafika. Huko ndiko kugonga. Kugonga kunakula ukingo wa pistoni, kunavunja daraja kati ya ringi na ringi, na gasketi inafuata. Juu ya hayo, hewa uliyoipasha ili kuyeyusha dizeli imetanuka, kwa hiyo silinda inapata hewa chache na nguvu inashuka kabla hata kugonga hakujaanza.

Wengine wataniuliza: kama inajiwasha kirahisi hivyo, kwa nini tusitoe plagi kabisa? Kwa sababu ile inayojiwasha ni mvuke uliokaa na hewa moto tangu mwanzo wa kushindiliwa, na huwezi kuupangia wakati. Dizeli ya kweli inapulizwa mwishoni na inatakiwa iwake ndani ya milisekunde moja hivi. Hewa ya nyuzi 27 ikishindiliwa kwa 8.5:1, kwa hesabu inafika takriban nyuzi 360. Ikishindiliwa kwa 20:1 inafika takriban 580. Hiyo ni kabla ya kuondoa joto linalopotea kwenye kuta, na kwenye injini ndogo linapotea jingi. Kwa 360 iliyopungua dizeli inachelewa mno, valvu ya ekzosi inafunguka ikiwa bado haijawaka, unaona moshi mweupe unaochoma macho.

Sisi wa Uganda tuna pia mwinuko wa nchi. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, Kabale karibu 2,000. Shinikizo la hewa Kampala ni kama bar 0.88, Kabale kama 0.80. Silinda inaanza na hewa pungufu, na injini yenye kompresheni ya mashaka inawaka Mombasa ikakataa Kabale.

TonaKatwe (#3)

Naongezea upande wa mashine ya kukereza, kwa sababu kazi ya "chonga hedi" huletwa kwetu Katwe, mtaa wa karakana Kampala, na wengine wanaikubali bila kupiga hesabu.

GX200 ina boa (kipenyo cha silinda) ya mm 68 na mwendo wa pistoni wa mm 54. Ujazo ni cc 196, kompresheni 8.5:1. Nafasi inayobaki juu ya pistoni ikiwa juu kabisa ni 196 ugawe kwa 7.5, yaani cc 26. Ukitaka 18:1, ambayo kwa injini ndogo ya kuwashwa kwa kamba bado ni ndogo, nafasi hiyo iwe 196 ugawe kwa 17, yaani cc 11.5. Inabidi uondoe cc 14.6. Eneo la pistoni ni sentimita za mraba 36.3, kwa hiyo unatakiwa kushusha hedi kwa mm 4.

Milimita 4! Hapo umekaribia siti za valvu. Fito za kusukuma valvu zimekuwa ndefu kwa mm 4 zile zile, na valvu ikifunguka inakutana na pistoni. Ukikwepa hedi ukatengeneza pistoni ndefu zaidi, valvu bado hazina pa kufungukia mpaka uchimbe mifuko kwenye pistoni, na kila mfuko unaochimba unakurudishia ujazo uliokuwa unaukimbia.

Tuseme umefaulu. Injini ya petroli ya namna hii moto wake unasukuma kwa bar 40 hivi. Dizeli inaanzia bar 80. Kwa boa ya mm 68, bar 40 ni karibu tani 1.5 juu ya pistoni, na bar 80 ni karibu tani 3. Hedi ya GX200 imeshikwa na bolti nne za M8 zinazokazwa kwa Nm 24. Konrodi, fimbo inayounganisha pistoni na krankshafti, ni ya aluminiamu, haina hata beringi za maganda, inazunguka moja kwa moja juu ya krankshafti. Haikuundwa kwa tani 3 zinazopigwa kama nyundo mara 1,500 kwa dakika.

Mimi kazi hiyo siifanyi, na nawasihi wenzangu wa Katwe tusiipokee. Konrodi ikikatika inatoboa bloku, na mtu anayevuta kamba anakuwa amesimama karibu nayo kabisa.

Kiyoyozi_Mbale (#4)

Nakubaliana na hesabu, lakini tusifunge mlango haraka. Trekta za zamani za Ferguson zilitumia mafuta ya taa na zilikuwa na plagi. Na Volkswagen walichukua bloku ya petroli wakatoa dizeli ya Golf. Kama wao waliweza, kosa liko wapi?

NozoNdeeba (#5)

Kaka, mifano yote miwili ni ya kweli na yote miwili inatufundisha.

Trekta zile zilichoma mafuta maalumu ya trekta, jamii ya mafuta ya taa. Kompresheni yake ilikuwa imeshushwa makusudi ili isigonge, manifoldi imeundwa ipashwe na ekzosi, kuna tenki dogo la petroli la kuwashia na kuzimia, na radieta inafunikwa ili injini isipoe. Hata hivyo oili ilichafuliwa na mafuta na ilibidi imwagwe mapema. Mafuta ya taa huisha kuchemka chini kabisa ya zile nyuzi 360 za dizeli. Yaani hata na mafuta mepesi kuliko dizeli, kiwanda kililazimika kubadili injini, na nguvu ikapungua.

Kuna mfano mwingine ulio karibu zaidi na swali: injini ya Mswidi Jonas Hesselman, ya mwaka 1925. Hiyo ilikuwa na plagi na kompresheni ndogo, ila mafuta mazito yalipulizwa kwa nozo moja kwa moja ndani ya silinda. Scania-Vabis na Volvo waliifunga kwenye malori. Ilifanya kazi kweli. Lakini iliwashwa kwa petroli, ikibadilishwa baada ya kupata moto, na ilisumbua kwa moshi na plagi kuchafuka. Dizeli kamili ilipokomaa, Hesselman ikaachwa. Kwa hiyo anayesema dizeli na plagi haviwezi kukaa pamoja kamwe, anakosea. Ila vinahitaji pampu ya nozo, nozo, na umbo la chumba cha moto lililobuniwa kwa kazi hiyo, na mwisho wake bado ni kitu duni kuliko dizeli ya kawaida.

Golf ya dizeli ya 1976 ilitoka kwenye familia ya injini ya petroli ya lita 1.5. Walifanya nini? Hedi mpya yenye chumba cha awali cha kuzungusha hewa, pistoni mpya, kompresheni ya juu ya 23:1, pampu ya Bosch inayoendeshwa na mkanda, hita za kuwashia. Kilichobaki cha petroli ni mpangilio wa bloku na mashine za kiwandani za kuitengenezea.

General Motors nao, 1978 hadi 1985, walitoa dizeli ya Oldsmobile ya lita 5.7. Bloku waliiongezea unene, lakini hedi waliacha imeshikwa kwa mpangilio wa bolti 10 kama ya petroli, ili mashine za kiwanda zisibadilishwe. Kompresheni 22.5:1. Bolti zikanyooka, gasketi zikapasuka, maji yakaingia silinda, na maji hayashindiliki, konrodi zikapinda. Pia hawakuweka chombo cha kutenga maji kwenye mafuta, kutu ikala pampu na nozo. Kama kampuni yenye maabara ilishindwa kwa ajili ya bolti za hedi, sisi na M8 nne tuwe waangalifu.

MwagiliaKasese (#6)

Asanteni sana, sasa naelewa. Basi tuhamie kwenye njia inayofaa. Mtu ana pampu ya inchi tatu na injini ya petroli, anataka dizeli. Afanye nini hasa?

MashineMasindi (#7)

Hapa ndipo penye pesa, ndugu. Pampu ibaki, injini itoke. Badala yake funga injini ndogo ya dizeli inayopozwa kwa hewa, zile za familia ya 170F, 178F na 186F zinazouzwa Kampala kwa majina mengi tofauti. 170F ni cc 211, kama farasi 4. 178F ni cc 296, kama farasi 6. 186F ni cc 418, kama farasi 9 hadi 10. Kwa pampu iliyokuwa na GX200 chagua 178F. Wanaochagua 170F kwa sababu ni ndogo na nyepesi wanaishia kuikaba, inatoa moshi mweusi kutwa na nozo inajaa kaboni.

Kabla ya kununua pima vitu vitatu kwenye injini ya zamani: unene wa shafti na aina yake (ya ufunguo, ya nyuzi, au ya tepa), urefu kutoka kitako hadi katikati ya shafti, na nafasi za matundu ya bolti kwenye uso wa mbele. Shafti ya mm 20 na ya robo tatu ya inchi, ambayo ni mm 19.05, macho hayatofautishi, tumia kalipa. Pampu ikiwa imefungwa moja kwa moja kwenye shafti ya nyuzi, mara nyingi haitaingia kwenye dizeli, na suluhisho ni kununua kichwa cha pampu chenye shafti yake na kuendesha kwa mkanda.

Mkanda una faida nyingine. Injini ya petroli ya pampu huzunguka rpm 3,600. Dizeli nyingi zimepangwa kwa 3,000. Mzunguko ukishuka hadi asilimia 83, maji yanashuka hadi asilimia 83, lakini urefu wa kupandisha unashuka hadi 69 kwa sababu unafuata mraba wa mzunguko. Pampu iliyokuwa inapandisha mita 28 itapandisha 19. Shamba likiwa kwenye mteremko, maji hayafiki na fundi anatukanwa bure. Weka puli ya injini kubwa mara 1.2 ya puli ya pampu, kwa mfano mm 120 kwa mm 100, mzunguko unarudi 3,600. Usipite hapo: nguvu inayohitajika inafuata mchemraba.

Uzito: GX200 ni kilo 16, 178F inapita 30. Fremu ya bomba jembamba inapasuka kwenye welidi kwa mtetemo. Tumia chuma cha pembe cha mm 40 kwa 40, unene mm 4, na raba nene chini ya miguu minne.

Oili ni lita 1.1 kwa 178F na 1.65 kwa 186F, 15W-40 ya daraja la dizeli, CF-4 au CH-4. Injini mpya mwaga oili ya kwanza baada ya saa 20 hivi, halafu kila saa 100. Nafasi ya valvu mm 0.15 injini ikiwa baridi, zote mbili.

Kuhusu matumizi, watu wanatia chumvi. Lita ya dizeli ina megajuli 36 hivi, petroli 32. Hiyo peke yake ni asilimia 12. Iliyobaki inatoka kwenye kompresheni. Dizeli ndogo hula takriban gramu 275 kwa kila kilowati-saa, petroli ndogo kati ya 313 na 370. Ukigeuza kuwa lita, ni kama 0.33 dhidi ya 0.42 hadi 0.50. Unaokoa moja ya tano hadi theluthi ya mafuta, na ukisikia anayeahidi nusu, mwambie alete chupa ya kupimia.

DizeliJinja (#8)

Mzee wa Masindi kamaliza pampu. Mimi nizungumzie kamunye, maana hapo makosa ni ghali.

2RZ ni petroli ya cc 2,438. Inayoingia vizuri kwenye HiAce ileile ni 3L, dizeli ya cc 2,779, boa na mwendo vyote mm 96, kompresheni 22.2:1, isiyo na tabo. Ni injini ya pampu ya kawaida isiyotegemea kompyuta, na spea zake Kisekka na Ndeeba hazikosekani. Nguvu yake ni kama farasi 90 kwa rpm 4,000. Itakuwa nzito kupanda kuliko 2RZ, dereva aambiwe mapema.

Kosa la kwanza ni kununua injini peke yake. Nunua "nusu gari": injini, gia boksi na kengele yake (ganda linaloishikiza kwenye injini), klachi, miguu ya injini, alteneta, stata, radieta, filta ya dizeli na kishikio chake, waya wa injini pamoja na rilei na taima ya hita, kebo ya mafuta, hata bomba la ekzosi la mbele. Kengele ya gia boksi ya RZ haikai kwenye bloku ya L (familia ya 3L), na adapta za kuchonga zinapoteza mstari wa katikati. Shafti ya gia ikikosa mstari hata kwa sehemu ndogo ya milimita, beringi ya pailoti na sahani ya klachi zinaliwa.

Kabla ya kulipa pima kompresheni. Geji ya petroli haifai, inaishia bar 20 hivi. 3L nzima inatoa kati ya 25 na 32 kwenye kila silinda, na tofauti kati yao isizidi 5. Toa hedi ikapimwe kwa shinikizo la maji, maana hedi za L zikichemka hupasuka kati ya valvu na valvu, karibu na chumba cha awali, na ufa huo hauonekani kwa macho. Badilisha mkanda wa taiming na tensheni yake injini ikiwa chini, bila kujali muuzaji anasema nini. Ukikatika, valvu na pistoni zinagongana, na kazi yote imeenda.

Breki sasa. Injini ya petroli ina koo linalofungwa, kwa hiyo manifoldi yake ina mvuto unaosaidia breki. Dizeli haina koo, haina mvuto. Kwenye L, pampu ya mvuto iko mgongoni mwa alteneta na inalainishwa na oili ya injini kwa bomba dogo. Ukifunga alteneta ya RZ kwa sababu "ni ileile tu", gari linawaka, linatembea, na breki inakuwa ngumu kama ukuta. Kamunye ya abiria 14 kwenye mteremko haina nafasi ya kosa hilo. Bomba la mvuto liwe na valvu yake ya njia moja, na uhakikishe kwa kukanyaga breki mara tatu injini ikiwa imezimwa, kisha kuwasha mguu ukiwa juu ya pedali: pedali lazima izame kidogo.

Mafuta. Tenki lioshwe lote, likaushwe. Kama gari lilikuwa la injekta, ile pampu ya umeme ya ndani ya tenki itoke, maana pampu ya 3L inanyonya yenyewe. Bomba la kunyonya liwe na kipenyo cha ndani cha mm 8. Lazima kuwe na bomba la kurudisha hadi tenki. Kila kiungo cha upande wa kunyonya kikazwe kwa klipu, kwani tundu linaloingiza hewa halivuji mafuta nje, unaona tu gari linakataa kuwaka asubuhi. Filta iwe na kitenga maji na pampu ya mkono.

Umeme: stata ya dizeli inakula zaidi, weka betri ya saa-ampea 70 na zaidi na kebo nene, na waya wa ardhi kutoka bloku hadi chesisi usisahaulike. Hita nne zipewe umeme kupitia rilei, zisiunganishwe na swichi moja kwa moja. Solenoidi ya kukata mafuta iunganishwe na swichi: ikikosa umeme injini haitawaka, na ikipewa umeme wa kudumu injini haitazimika. Geji ya rpm iliyokuwa inasoma koili ya plagi haitasoma kitu tena.

Na logibuku: namba ya injini na aina ya mafuta viandikishwe upya kabla gari halijarudi barabarani. Bima na polisi wataangalia hapo siku ya ajali.

BodaLira (#9)

Na boda je? Kuna anayeuliza injini ya cc 100 kugeuzwa dizeli.

TonaKatwe (#10)

Hapana, ndugu yangu. Hesabu ni ile ile ya GX200, ila mbaya zaidi kwa sababu silinda ndogo inapoteza joto haraka. India waliwahi kuuza Enfield ya dizeli ya cc 325, na ilitoa farasi 6.5 tu kwa uzito wa pikipiki kubwa. Boda ya cc 100 inatoa hizo hizo au zaidi.

PetroliArua (#11)

Nataka tusiache jambo moja lililo karibu: dizeli iliyowekwa kwa makosa kwenye gari la petroli. Huku linatokea sana, hasa mafuta yakinunuliwa kwa jerikeni.

Usiwashe. Usifungue hata swichi, kwa sababu kwenye gari la injekta pampu ya tenki inaanza kusukuma papo hapo. Kuongeza petroli juu "ili ipungue" hakusaidii: lita 5 za dizeli ndani ya 40 ni asilimia 12, inatosha kushusha okteni na kuleta kugonga ukikanyaga. Mwaga tenki lote. Tenganisha bomba kwenye reli ya injekta, sukuma lita mbili au tatu za petroli safi zipite ndani ya chombo, weka filta mpya. Kama injini iliwashwa, toa plagi zote, tenganisha koili na umeme wa injekta, piga stata sekunde tano ili silinda zijipulize, futa plagi au weka mpya. Pima oili. Ikinuka au imepanda, mwaga. Moshi mweupe utatoka kwa dakika chache kisha uishe. Ukiendelea, dizeli imekaa kwenye katalisti (kisafisha moshi cha ekzosi), na gari liendeshwe taratibu bila kukimbizwa mpaka dizeli hiyo iungue yote, maana katalisti iliyojaa mafuta ikipata joto kali inayeyuka ndani.

Petroli ndani ya dizeli ni hatari zaidi. Dizeli ndiyo inayolainisha pampu ya nozo, petroli inaikausha na vyuma vinasagana. Hapo usijaribu hata stata moja.

MwagiliaKasese (#12)

Swali la mwisho kwa mzee wa Masindi. 178F imefungwa, tenki limejazwa, kamba inavutwa, haiwaki. Tuanzie wapi?

MashineMasindi (#13)

Hewa, karibu mara zote. Legeza nati ya bomba la kuingilia kwenye pampu ya nozo, acha dizeli itiririke mpaka mapovu yaishe, kaza. Kisha legeza nati ya bomba la chuma upande wa nozo kwa mzunguko mmoja, weka gavana (kidhibiti mwendo) kwenye mwendo, shusha lever ya dikompresheni (inayoachia shinikizo la silinda) na uvute kamba taratibu mpaka dizeli itoke bila povu, kaza. Ukivuta tena unatakiwa kusikia nozo "ikilia" kwa mlio mfupi mkavu. Mlio huo ni sindano ya nozo kuinuka kwa bar 196 na kurudi.

Usikilize mlio huo vizuri, kwa sababu kinachopita hapo ni kidogo mno. 186F ikiwa na mzigo kamili kwa rpm 3,000 hula lita 1.87 kwa saa, na nozo inafunguka mara 90,000 kwa saa hiyo. Kila mpulizo ni milimita za ujazo 21, chini ya nusu ya tone la maji, na inapita yote kwa milisekunde moja na kidogo. Povu dogo la hewa kwenye bomba linashindiliwa lenyewe, pampu inasukuma, sindano haiinuki, hakuna mafuta. Ndiyo sababu pia mchanga mmoja unatosha kuiua nozo: chuja dizeli kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kabla ya kuimimina, na jerikeni ikae bila kutikiswa usiku kucha ili maji yatuame, usimimine sehemu ya chini.

Ikilia na bado haiwaki, toa nozo, iunganishe nje kwenye bomba lake na uipulizie hewani. Itoe ukungu, isitoe michirizi, na ncha isibaki na tone. Vidole na uso vikae mbali kabisa: kwa shinikizo hilo dizeli inapenya ngozi, na aliyepenywa aende hospitali mara moja hata kama haumii. Nozo ikiwa safi, angalia nafasi ya valvu, halafu kompresheni. Bila kushusha lever ya dikompresheni, kamba lazima ikatae kabisa kupita pale pistoni inapofika juu. Ikipita kirahisi, valvu haifungi au ringi zimekaa vibaya, na hapo hakuna mafuta yatakayoiwasha.

Na mwisho, kabla ya kuivuta mara ya kwanza weka ubao au kitabu kigumu karibu na mdomo wa filta ya hewa. Gavana ikikwama injini itakimbia, na kufunga lever hakutoshi. Ziba hewa, itazimika.